Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Fundi Bomba aliisukuma kalamu ikaviringika mpaka ukingoni mwa meza.

"Nikinywa ndiyo nitasaini," alisema. "Maji nisiyoyaona siyasaini."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Koplo. Utaratibu wa polisi ulitaka kila anayeshikiliwa apewe maji, kisha atie sahihi kwenye karatasi na saa iandikwe. Koplo, mtu mzima mwenye kitambi na haraka zake, alipenda kumaliza karatasi kwanza, maji baadaye. Alimgeukia mkubwa wake kwa macho ya kuomba ruhusa ya kumzaba mtu kibao.

Mkubwa wake alicheka. Alikuwa mpelelezi mwembamba, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, na kikosi kizima kilimwita Sindano, mbele yake na nyuma yake, naye hakuwahi kulalamika.

"Mpe anywe, Koplo. Karatasi inasema amepewa. Haisemi atapewa."

Fundi alikunywa mpaka tone la mwisho, akajipangusa mdomo, akasaini. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni gari la mahabusu lingefika kumpeleka gereza la mjini, na mtu akishafika kule kwa kesi ya kuua, hata awe hana hatia kiasi gani, mwaka mzima hukatika kabla hakimu hajamwangalia usoni. Koplo alikuwa na hakika kwamba huyu ndiye. Sindano alikuwa na saa sita za kuhakikisha.

Walikuwa ndani ya ghala la mablanketi la kituo cha msaada, kando ya barabara kuu. Watu waliokimbia makwao walifika hapo kwa miguu baada ya siku nne au tano za nchi kavu. Walipewa hema, dawa na sabuni. Wenye nguvu wakaendelea mbele, waliochoka wakabaki. Ili wafike wakiwa hai, kituo kilikuwa kimeweka tangi la maji kila baada ya kilomita kumi za njia ile, na boza moja lilizunguka kuyajaza. Dereva wa boza hilo ndiye aliyekufa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kila Jumatatu boza huoshwa. Dereva huvua viatu na kuingia kwa mlango wa juu akiwa na brashi, na mtu wa pili hukaa mlangoni kumchunga. Jumatatu hiyo, yaani jana, mtu wa pili alikuwa Fundi Bomba. Saa tatu na nusu alionekana amekaa juu. Saa saba mchana kifuniko kilikutwa kimefungwa, komeo limechomekwa kigingi cha hema, na dereva yumo ndani amekufa. Daktari alisema ni joto. Bati lile lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi, na hata jioni mkono haukuweza kulishika.

"Vigingi kumi na kimoja kama kile vimekutwa kwenye sanduku lako," alisema Sindano.

"Navitumia kwa kila kitu, afande. Kupasulia, kuzibulia, hata mlango wangu unafungwa kwa kigingi."

"Na wiki iliyopita ulimwambia, mbele za watu, kwamba utamfungia humo humo achemke."

"Nilisema. Nilikuwa nimekasirika."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananisingizia. Anatoka na boza limejaa, anarudi mapema mno, anasema pampu imekufa njiani. Nikiifungua, pampu nzima. Mkuu ananifokea mimi. Mara tatu, afande, mbele za watu, kama mtoto."

Sindano aliandika, akaacha mstari mtupu chini yake. "Komeo la kifuniko halina pini yake?"

Kwa mara ya kwanza Fundi alionekana kuchanganyikiwa. "Linayo. Inaning'inia chini ya kiti cha dereva, kwenye mnyororo. Nimeichonga mwenyewe. Kwa nini nihangaike na kigingi kisichokaa vizuri wakati pini iko pale?"

Koplo alitumwa kwenye boza. Alirudi na pini mkononi, nzito, ya chuma kilichong'arishwa.

"Aliyefunga hakuijua pini," alisema Sindano. "Wewe uliijua. Sasa niambie kwa nini ulishuka."

Fundi alisema alikuwa amekaa ameupa ua wa magari mgongo, jenereta likinguruma, aliposikia sauti ya mwanamke chini: Fundi, bomba la zahanati limepasuka, maji yanaingia kwa wagonjwa. Alipogeuka, mwenye sauti ameshaondoka. Alimwambia dereva atoke kwanza. Dereva alimjibu aende zake, yeye si mtoto wa kuchungwa.

"Sauti ya nani?"

"Ya mwanamke. Kituo kina wanawake mia tatu."

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika mbili. Muuguzi, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliwaonyesha bomba la nje. Halikuwa limepasuka. Nati ilikuwa imefunguliwa kwa mkono, taratibu, na mtu mwenye subira. Hakuna aliyetumwa kumwita Fundi. Walishtukia maji yakiingia chini ya mlango, na kabla hawajasema lolote Fundi akatokea anakimbia.

"Tulidhani ana uchawi," alisema muuguzi.

Basi alikuwa mwanamke, na aliujua ua wa magari na zamu zake. Wanawake waliozoea ua ule walikuwa wafagiaji watatu, wote watu wa mahemani waliojitolea. Mmoja alikuwa amelazwa hapo hapo zahanati na sindano ya dripu mkononi. Wawili waliobaki, Shangazi na Mama Pacha, walikuwa kwenye foleni ya maji tangu saa tatu mpaka saa sita. Sindano mwenyewe alikuwa amekusanya maelezo jana jioni: watu thelathini na mmoja walisema waliwaona wote wawili. Aliyafungua tena madaftari yale akayasoma akiwa amesimama juani. Hakupenda ushahidi usiokuwa na hata ufa mmoja.

Ili kuingia mahemani alihitaji kibali cha mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa mwanamume mnene, shati limepigwa pasi, ofisi yake ndiyo peke yake yenye feni. Ukutani palikuwa na ramani ya njia nzima na pini za rangi ya buluu, moja kwa kila tangi.

"Bado mnamhoji yule?" aliuliza, simu ikiwa sikioni. "Mpelekeni mjini yaishe. Nina wageni wiki ijayo."

"Nakaribia kumaliza. Nahitaji kibali cha kuingia kwenye mahema."

Sindano aliweka karatasi mezani. Mkuu aliendelea kuongea na simu, akatia sahihi pale kidole cha Sindano kilipokuwa, bila hata kuinamisha kichwa: herufi moja kubwa ndani ya duara, na mistari miwili chini yake. Sindano angeweza kumsainisha talaka.

"Pini hii ni nyeupe," alisema, akigusa ramani kwenye kilomita ya arobaini.

Mkuu alishusha simu. "Hapo walikutwa watu saba mwaka jana. Walipotea njia."

"Wamepotea njia wakakutwa kwenye tangi?"

"Karibu na tangi. Tangi lilikuwa limejaa, afande, kumbukumbu zipo makao makuu. Mimi kwenye njia yangu hafi mtu kwa kiu. Waulize wafadhili." Akarudi kwenye simu yake, na Sindano akatoka na kibali chake.

Bomba la maji lilifunguliwa saa tano siku hiyo kwa sababu ya msiba. Madumu yalikuwa yamejipanga kutoka kwenye koki mpaka kwenye uzio, ya njano, ya buluu, mengine yameunguzwa na kuzibwa kwa sabuni. Juu ya ndoo iliyogeuzwa alikaa mama mmoja mwenye fimbo aliyeitwa Bibi Foleni, na neno lake pale lilikuwa la mwisho. Mkuu wa kituo mwenyewe asingethubutu kuchomekea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama unataka maji, mwisho ni kule."

"Nataka maneno. Jana Shangazi alikuwepo?"

"Hakunyamaza. Alivaa gauni lake la maua, lile lililochanika kwapa, akatusimulia ugonjwa wa mume wake tangu ulipoanza. Wa nane."

"Na Mama Pacha?"

"Alikuwepo. Wa saba. Mbele ya Shangazi."

"Alivaa nini?"

Bibi Foleni alitazama kwanza mstari wa madumu. Akamwita Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta na wenzake. Shangazi alikuja na maneno yake tayari. Ndiyo, Mama Pacha alikuwepo, mbele yake kabisa, asubuhi nzima. Alivaa nini? Sijui, nguo zake za siku zote. Alisema nini? Hakusema kitu, yule si wa kusema, tangu amekuja miezi minne hapa maneno yake unayahesabu. Na hao pacha wake wako wapi? Shangazi aliinama. Hatujawahi kuwaona, afande. Aliandikishwa hivyo langoni, Mama Pacha, na hakuna aliyejitia kumuuliza.

Sindano hakuuliza tena. Alirudi nyuma hatua chache akawa anaangalia. Dumu la mbele lilijaa, mwenyewe akaja kutoka kivulini akalibeba. Mama mmoja akanyoosha mguu akasukuma dumu lake, kisha la jirani yake, kisha la tatu, yote mbele hatua moja, huku anaendelea kusuka nywele za binti yake.

"Wa ngapi wewe?" alimuuliza.

"Wa nne. Mbele yangu yupo Bibi Kikohozi."

"Yuko wapi?"

"Si huyu hapa," alisema yule mama, na kwa kidole cha mguu akagusa dumu la buluu.

Sindano alilitazama lile dumu. Koplo alimtazama Sindano, akaona mabega yake yameshuka.

"Bibi Kikohozi mwenyewe, yule mwenye miguu miwili, yuko wapi?"

"Amelala hemani. Ana homa. Akifikiwa tunamjazia."

"Koplo," alisema Sindano, "mimi ni mjinga. Thelathini na mmoja wameniambia wamemwona mtu, nikaandika alionekana. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Mahali hapa dumu likisimama kwenye mstari, mwenyewe amesimama." Akamgeukia Shangazi. "Dumu la Mama Pacha likoje?"

"La njano. Lina kitambaa chekundu mkononi."

"Jana lilipofika kwenye koki, nani alilijaza?"

Shangazi alionyesha ukuta wenye kivuli. "Mimi. Hakuwa karibu. Nikaliweka pale ukutani. Alikuja kulichukua baada ya saa sita, akanishukuru. Hiyo alisema. Asante, mwenzangu."

Jana jioni hakuna aliyemuuliza nani alijaza. Kwao haikuwa habari.

Hema la Mama Pacha lilikuwa safi kuliko meza ya Koplo. Blanketi limekunjwa, sufuria imegeuzwa, na pembeni, kwa kamba yake, dumu la njano lenye kitambaa chekundu, limejaa mpaka shingoni. Hema la ukubwa ule hushikwa na vigingi vinane. Koplo alizunguka akihesabu kwa sauti, akafika sita. Pembe mbili za nyuma zilikuwa zimefungiwa mawe.

"Mbona viwili?" aliuliza. "Boza lilichukua kimoja."

Sindano alikuwa ameshageuka. "Mama Pacha yuko zamu gani leo mchana?"

Jirani wa hema la pili alijibu bila kuinua kichwa kwenye ungo wa kuchambulia mchele. Mama Pacha ameomba kubadilishana zamu. Leo anafagia ofisini kwa mkuu.

Koplo hakuwa amekimbia tangu alipotoka mafunzoni, lakini siku hiyo alikimbia. Walimkuta kwenye ukumbi mwembamba wa ofisi, milango mitatu kabla ya ule wenye feni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mikono mikubwa, anafagia kwa kuvuta, hana hili wala lile. Kiunoni, ndani ya mkunjo wa kanga yake, kitu kirefu kilikuwa kimeinua kitambaa.

"Mama Pacha," alisema Sindano. "Weka ufagio chini, mama. Na hicho."

Yule mama aliwatazama wote wawili. Akauegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu usianguke, akatoa kigingi, akakiweka kwenye kiganja cha Koplo. Ncha yake ilikuwa imenolewa kwenye jiwe mpaka inang'aa.

"Mmekuja mapema," alisema. "Nilidhani mpaka saa kumi."

Walimkalisha kwenye chumba cha katoni za sabuni, jirani na ghala la mablanketi. Hakulia na hakutetemeka. Sindano alimsomea haki zake zote, moja moja, na yule mama akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Dumu uliliweka kwenye foleni ili tudhani uko pale?"

"Hapana. Niliweka lijae. Hata siku ile mtu anahitaji maji."

"Kwa nini dereva?"

Mama Pacha alifungua pindo la kanga yake kwa meno, uzi baada ya uzi. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kadi ngumu iliyofifia, yenye tundu la uzi juu. Sindano alizijua kadi zile. Kila tangi la njiani lilikuwa na yake, imening'inizwa ndani ya kifuniko: tarehe, limejazwa, sahihi ya dereva, limekaguliwa, sahihi ya mkaguzi. Juu kabisa palikuwa na namba arobaini.

"Tulikuwa kumi na wawili," alisema. "Watu wa kule nyuma walituambia msibebe maji mengi mkachoka, liko tangi arobaini, watu wa msaada wanalijaza. Tukaamini. Tulifika saa sita mchana. Wanangu walikuwa na miaka mitano. Mmoja alikuwa na kikombe cha bati, akaligonga tangi ili mwenzake acheke. Afande, tangi tupu lina sauti yake. Mimi niliisikia, wao hawakuijua. Wakawa wanacheza, wanagonga."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Nilipanda nikafungua kifuniko. Ndani utando wa buibui. Na hiyo kadi. Tarehe yake ni ya siku moja kabla. Limejazwa jana, imeandikwa. Tulingoja, kwa sababu anayejaza jana pengine kesho atarudi. Waligonga siku mbili. Siku ya tatu hawakugonga. Waliotembea tukabaki watano, na mimi sikutaka kuwa mmoja wao. Walinibeba."

"Ulimjuaje dereva?"

"Kwa mkono wake. Kila asubuhi anasaini ubao wa magari pale uani, mkia wa sahihi yake umepindwa mara mbili. Nilifagia chini ya ubao ule siku ya kwanza, nikafagia mahali pamoja nusu saa."

"Na ukangoja miezi minne."

"Nilimngojea aingie mahali pakavu." Sauti yake haikupanda. "Fundi alipoondoka nilipanda nikafunga. Kisha nilishuka nikakaa kwenye kivuli cha boza lake. Alibisha. Aliomba. Nilimwambia mimi ni nani na tangi ni lipi, ili asife akidhani ni bahati mbaya. Akasema barabara ilikuwa mbaya siku ile, akageuza, akayamwaga njiani ili boza lirudi tupu. Alisema mkuu wa kazi alijua, wote husaini hivyo. Nikamuuliza mkuu yupi, jina gani. Hakunijibu tena, alikuwa anaita mama yake. Nilikaa mpaka akanyamaza. Nimefurahi, afande. Andikeni hivyo. Nilifurahi na bado nina furaha, na Mungu akiniuliza nitamjibu hivi hivi."

"Na Fundi? Angeozea gerezani kwa ajili yako."

"Fundi hajanikosea. Gari lingewasha saa kumi, ningesimama mbele yake nikasema. Nilihitaji muda mpaka saa kumi tu."

"Wa nini?"

Kidole kikubwa kilitua kwenye mstari wa pili wa kadi, pale penye neno limekaguliwa. "Wa huyu. Mfagiaji wa uani haoni karatasi za wakubwa. Nikasema leo nifagie ofisini, chumba baada ya chumba, niangalie mezani kwa kila mmoja. Nilikuwa nimebakiza milango mitatu."

Sindano aliivuta kadi kwake. Herufi moja kubwa ndani ya duara, na mistari miwili chini yake. Mfukoni mwa shati lake kibali cha mahemani kilikuwa na wino ambao bado haujatimiza saa nne. Hakuhitaji kukitoa. Alihisi uso unamwaka, na kwa dakika nzima, jambo ambalo hakumsimulia mtu, alifikiria kumrudishia yule mama kigingi chake.

"Unamjua," alisema Mama Pacha. Alikuwa anamwangalia machoni.

"Kaa hapa, mama."

"Niambie tu unamjua."

"Kaa hapa," alirudia Sindano, akainuka. "Koplo, mfungulie Fundi. Muombe radhi, kwa mdomo wako. Kisha chukua jagi la maji na fomu zako unifuate."

Mkuu wa kituo alikuwa amemaliza simu zake na anakula njugu. Sindano hakukaa. Aliweka kadi mezani upande wa kushoto, kibali upande wa kulia, akasubiri. Njugu ziliacha kutafunwa.

"Hii umeipata wapi?"

"Ilikuwa ndani ya tangi arobaini. Tangi lenye buibui. Sahihi hizi ni za mtu mmoja au wawili?"

"Ni utaratibu tu, afande. Dereva analeta kadi tupu, nazisaini kumi kumi, yeye anaenda kuning'iniza. Nani ana muda wa kwenda kuchungulia kila tangi? Kila kituo kinafanya hivyo."

"Kwa hiyo hukuliona."

"Niliamini limejazwa."

"Uliandika umeliona. Na walipokutwa saba, ukaandika walipotea njia, na kadi ya tangi hata hukuitafuta."

Alimweleza kosa lake kwa lugha ya sheria, kughushi kumbukumbu na uzembe uliosababisha vifo vya watu saba, wawili kati yao watoto, na kwamba gari la saa kumi lina nafasi moja iliyoachwa wazi na Fundi na nyingine iliyopatikana sasa hivi. Mkuu alipigia simu watu wawili. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea, akasikiliza, akakata. Jasho lilikuwa limeishinda feni. Alilegeza kola, akameza mate yasiyokuwepo.

"Naomba maji," alisema.

"Ni haki yako," alisema Sindano. "Koplo, fomu."

Koplo alisimama mlangoni na jagi mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Alimtazama mkubwa wake, na taratibu, kama mtu aliyeanza kuelewa mzaha wa kanisani, akaiweka karatasi mezani na kubaki na jagi. Sindano aliandika saa, tisa na dakika arobaini, akaweka kidole chini ya mstari.

Mkuu alisaini. Alikuwa anaangalia dirishani, kule lilikosimama boza, na mkono ukaenda wenyewe: duara, herufi, mistari miwili. Kisha akanyoosha mkono kwenye jagi.

Sindano aliichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke.

"Maji yangu," alisema mkuu.

"Yapi? Umeshapewa." Akamgeuzia karatasi aisome. "Mshukiwa amepewa maji ya kunywa, saa tisa na dakika arobaini. Sahihi ni yako au ya mtu mwingine?"

Mkuu aliisoma mara mbili. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka pembeni.

"Mjini ni mwendo wa saa nne," alisema Sindano, akaikunja karatasi kwenye daftari lake pamoja na kadi. "Ukifika waambie kumbukumbu zipo."

Alikuwa anajua kwamba jambo hilo lingeweza kumgharimu cheo. Alikuwa pia na kikombe cha pili ndani ya gari, na huenda angekijaza kabla hawajafika nusu ya njia, na huenda asingekijaza. Alimfunga mkuu pingu mwenyewe, mbele za makarani wake, akamtembeza ukumbini polepole.

Walipofika kwenye mlango wa chumba cha sabuni alisimama, akauacha wazi. Mama Pacha alikuwa amekaa vile vile walivyomwacha, mikono juu ya magoti. Aliinua uso, akaona pingu, akaona shati lililopigwa pasi.

"Koplo," alisema Sindano, "mpe mama maji. Anywe kwanza, ndipo asaini."